Yafaa Kumwajiri Fundi Akushindaye?



Yameletwa mbele ya darasa letu mas'ala ambayo mwenye haraka atayadhani ni madogo. Nayo si madogo, kwani ndani yake mna riziki za watu na heshima zao. Dada yetu mmoja mwenye saluni ya wanawake auliza kama yafaa amwandike kazi msichana aliyemjia, ambaye alipomjaribu kwa hina na kwa ususi aliuona mkono wake wapita wa mwenye saluni. Akimchukua, achelea wateja wasimtake mwingine ila huyo, na siku akitoka atoke nao. Akimwacha, achelea ataandikwa mlango wa pili, na hasara iwe ile ile. Tumeona kuwa jawabu lake litawafaa wengi: vinyozi, washoni, wapishi wa arusi, na kila aishiye kwa kazi ya mikono.

Kwanza yatupasa kuitenga khofu hii, kwani si moja, ni mbili. Iko khofu ya cheo, na iko khofu ya riziki. Mwenye kuzichanganya atajidanganya: atasema aogopa kupoteza wateja, na kumbe akiogopacho ni kuonekana mdogo katika nyumba yake mwenyewe.

Khofu ya cheo

Tuanze na hiyo ya cheo. Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi walijua kuwa nahodha aweza kumchukua rubani aijuaye miamba na mikondo ya mlango wa bandari kuliko yeye. Hakuna aliyesema kuwa kwa hivyo jahazi si la nahodha tena. Aliyelaumiwa ni yule aliyeona haya kumchukua rubani, akakipandisha chombo mwambani pamoja na mali za watu. Nasi sote twakijua kisa cha Nabii Musa, alipomwomba Mola wake ampe nduguye Harun awe msaidizi, na sababu aliyoitoja mwenyewe ni kuwa Harun alikuwa fasaha wa ulimi kuliko yeye. Kukiri huko hakukumwondolea Musa daraja yake hata chembe.

Saluni si mkono wa hina peke yake. Mwenye saluni ndiye mwenye mkataba wa nyumba na leseni ya kaunti. Ndiye ajuaye ni duka gani liuzalo hina safi na ni lipi lichanganyalo. Ndiye aaminiwaye na mama wa bi arusi, akamwachia binti yake tangu asubuhi hadi usiku. Ndiye atunzaye sitara: pazia la mlango, adabu ya maneno, na siri za wanawake wavuao buibui zao humo wakijua kuwa wako katika amana. Haya hayapatikani kwa kipaji cha vidole. Hupatikana kwa miaka. Basi fundi mwenye mkono bora huja kuongeza jambo moja juu ya mengi yaliyokwisha kujengwa, na aliyeyajenga hana haja ya kumwonea kijicho.

Khofu ya riziki

Ama khofu ya riziki, hiyo twaikubali, kwani ina msingi. Fundi hodari huenda akatoka, na huenda akafungua saluni yake mtaa huo huo. Lakini tuangalie mambo yalivyotukia kwa wengine kabla hatujahukumu.

Katika Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwako mwanamke mweusi jina lake Annie Turnbo, ambaye baadaye aliitwa Annie Malone. Alifanya dawa za nywele katika mji wa St. Louis, na biashara yake ikaitwa Poro. Katika wanawake waliomwuzia dawa hizo alikuwamo mfua nguo mmoja, Sarah Breedlove. Mwaka 1905 Sarah alihamia Denver, na mwaka 1906, baada ya kuolewa, akaanza kuuza dawa zake mwenyewe kwa jina la Madam C. J. Walker. Alifanikiwa mno, hata alipokufa mwaka 1919 jina lake lilikuwa limempita yule aliyemtangulia.

Basi je, Annie Malone aliangamia kwa kutokwa na mtu hodari? La. Mwaka 1918, miaka 12 baada ya Walker kujitenga, Malone alifungua huko St. Louis chuo kikubwa cha kufundisha kazi ya urembo, kikiitwa Poro College. Mambo yaliyokuja kumdhoofisha yalikuwa mengine: mzozo wa talaka, ambao mwaka 1927 ulimlazimisha kumlipa mumewe dola 200,000, na mashitaka na madai ya kodi yaliyofuata. Funzo ni wazi. Kuondokewa na hodari ni hasara inayovumilika. Kutoweka wazi mambo ya ushirika na ya serikali ndiko kunakobomoa nyumba.

Na kisa hicho kina upande wa pili, unaomhusu anayeajiriwa. Katika kampuni hiyo ya Walker alifanya kazi msusi wa Chicago, Marjorie Joyner, akawa msimamizi wa shule zake za urembo. Mwaka 1928 alipata hati ya serikali kwa mashine aliyoivumbua ya kuzipa nywele mawimbi yadumuyo. Haki ya mashine ile ilikuwa ya kampuni, na yeye mwenyewe hakupata fedha kwa uvumbuzi wake. Twamtaja ili mwenye saluni asifikirie khofu yake tu. Msichana hodari naye ana la kuogopa: asije akatoa kipaji chake, kikatajirisha wengine, naye akabaki na ahsante.

Mambo matatu ya kupima

Kabla ya kumwandika, yapimwe mambo matatu.

La kwanza ni uaminifu pamoja na uangalifu. Katika kisa cha binti wa Madyan aliyemshauri babake amwajiri Musa, sifa zilizotajwa ni mbili: nguvu na uaminifu. Ya kwanza bila ya pili haitoshi. Mtu aweza kuchora ua zuri la piko, na asijali alichokitia ndani ya rangi. Piko nyingi hutengenezwa kwa rangi nyeusi ya nywele yenye dawa iitwayo PPD, na dawa hiyo ikipakwa juu ya ngozi huweza kuwatoa baadhi ya watu malengelenge na kuwaachia makovu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya yaruhusiwa katika rangi za nywele kwa kiasi maalumu, wala hairuhusiwi kuchorewa mwili. Basi siku ya majaribio msitazame ua tu. Mwulizeni huyo fundi achanganya nini, na atafanya nini mteja akisema mkono wamchoma. Akijibu kuwa avumilie kidogo, huyo hafai, ingawa mkono wake ni wa dhahabu.

Katika uaminifu mna jambo la simu. Mafundi wengi siku hizi hupiga picha za kazi zao wakazitangaza. Picha ya mkono wa bi arusi, au ya nywele zake, si mali ya fundi wala ya mwenye saluni. Ni ya mwenye mwili, na haipigwi ila kwa idhini yake. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini kabla ya sheria hiyo sitara ilikuwa wajibu wetu. Fundi asiyelikubali sharti hili asiingie.

La pili ni hesabu. Tuchukue mfano tu. Tuseme kazi ya bi arusi mmoja ni shilingi 6,000, na vifaa ni 600, yabaki 5,400. Mkipatana kwa mshahara wa shilingi 20,000 kwa mwezi, maarusi 3 huleta 16,200, na mwenye saluni atatia 3,800 kutoka mfukoni mwake. Maarusi 4 huleta 21,600, na mshahara umetoka. Mkipatana kwa fungu la mia 40 katika kila mia, maarusi 8 ni 48,000: fundi apata 19,200, vifaa 4,800, na nyumba yabaki na 24,000. Kodi ya nyumba, umeme na michango ya lazima ya serikali havijatiwa humo. Tena kumbukeni majira. Shaabani na Shawwali hujaa arusi. Ramadhani hakuna arusi, ila siku za mwisho watu hujazana kwa hina ya Idi. Mwenye kupiga hesabu kwa mwezi wa Shaabani peke yake atashindwa kulipa mwezi unaofuata. Na kwa njia yo yote ile, ujira usiwe chini ya kiwango cha chini kilichowekwa na serikali.

La tatu ni nia. Ikiwa mwajiri amtaka msichana huyo ili amtazame mikono, ajifunze michoro yake, kisha amtoe, hiyo ni hila, na asimwandike. Ikiwa amtaka ili amnyime tu jirani, na kazi ya kumpa hana, hiyo nayo ni dhulma. Mtu hawekwi kibandani kama kuku.

Mapatano yaandikwe

Yakisalimika hayo matatu, yaandikwe mapatano. Watu wetu huona haya kuandikiana, wakasema sisi ni jamaa. Na ugomvi mwingi wa jamaa hutokana na haya hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi. Muda wa majaribio usipite miezi 6, ila mwajiriwa mwenyewe akubali kuongezewa. Apate siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka kwa malipo. Anayelipwa kwa mwezi, kila upande utoe notisi ya siku 28. Siku hizo 28 ndizo ngao ya mwenye saluni: azipatapo huweza kuwaarifu maarusi waliokwisha toa arubuni, na kutafuta mtu mwingine.

Mtauliza: je, aandikwe sharti kuwa akitoka asifanye kazi hiyo mjini? Twasema msimfunge hivyo. Kenya ina sheria juu ya mikataba ya kumzuia mtu biashara, na Mahakama Kuu yaweza kulibatilisha sharti lisilo la uadilifu. Na kabla ya mahakama, ni haki gani kumzuia mtu mikono aliyokuja nayo? Yaandikweni yaliyo ya haki: kuwa daftari la nambari za wateja ni la saluni na halinakiliwi, kuwa bi arusi aliyetoa arubuni kwa saluni hahamishwi, na kuwa maneno ya bei ni ya mwenye saluni peke yake. Hili la mwisho ni muhimu, kwani manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Baada ya kumwandika

Walio ndani wasisahauliwe. Wafundi wa zamani waambiwe kabla hajaingia, wala fungu la mmoja wao lisipunguzwe ili apewe mgeni. Huyo mgeni naye aombwe awafundishe wenziwe kwa saa zilizopangwa na kwa malipo yake. Hapo ujuzi wake utakaa ndani ya nyumba hata siku atakapotoka, na mwenye saluni atakuwa na mikono minne badala ya mmoja wa kumwogopea.

Wala asifichwe. Tumeona waajiri ambao fundi akisifiwa husema, nilimfundisha mimi. Neno hilo ni uwongo, na hodari hulihesabu kila litamkwapo, mpaka siku moja akafunga mkoba wake. Mteja akisema kazi hii nzuri, jawabu liwe: ni kazi ya Bi fulani, nasi twamshukuru Mungu kumpata. Mwenye kusema hivyo hapungukiwi na kitu. Mteja hutoka akijua kuwa nyumba hii huchagua watu wema, na atarudi hata akiwa amekwisha toka Bi fulani.

Basi jawabu letu kwa dada yetu ni hili. Ikiwa msichana huyo ni mwaminifu, na hesabu yako yaweza kubeba ujira wake, na wamtaka kwa kazi si kwa hila, mwandike, na umwandike kwa karatasi. Ikiwa moja katika hayo halipo, mwache aende kwa wema, na umwelekeze penye kazi ikiwa wapajua. Lakini usimwache kwa sababu tu mkono wake wapita wako. Huo si ulinzi wa riziki. Mwenye kuajiri wa chini yake peke yao, na hao wakaajiri wa chini yao, baada ya muda nyumba nzima haina anayejua kazi, na wateja huwa wa kwanza kulitambua hilo.

Wabillahi tawfiq.