SOMO: TAMARI ALIAMBIWA ANYAMAZE

Kusoma: 2 Samweli 13:1-22

Tufungue Biblia. Amnoni alijifanya mgonjwa, akaomba Tamari, dada yake wa baba mmoja, amletee chakula. Hapo akamshika kwa nguvu. Tamari hakuficha. Alijitia majivu kichwani, akaenda akilia. Lakini Absalomu alimwambia anyamaze, kwa kuwa ni jambo la ndugu. Mfalme Daudi akasikia, akakasirika sana, na basi. Hasira hiyo ilimsaidia nini binti?

Tunajua vita. Mwaka 2023 wamama wa kambi za Bulengo na Lushagala walishikwa walipokwenda kutafuta kuni. Lakini Amnoni hakuwa askari. Alikuwa mtu wa nyumbani.

Je, sisi wa Goma tumemzidi Daudi? Mara ngapi jamaa mbili zinaketi, mbuzi wanahesabiwa, na wazee wa kanisa wanaitwa kuombea masikilizano! Sisi mashemasi nasi tuliketi katika vikao vya namna hiyo, tukafunga kwa maombi. Tunaungama. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inapanga kifungo cha miaka 5 mpaka 20 kwa mwenye kubaka, na mzazi anayemwoza mtoto wake kwa nguvu anafungwa pia. Mbuzi hawafuti kosa hilo.

Mtoto apelekwe hospitali mbele masaa 72 hayajapita, kwa maana dawa ya kuzuia SIDA inatakiwa kuanzwa ndani ya muda huo. Nguo zake zisifuliwe. Hapa mjini HEAL Africa imepokea wengi. Bukavu kuna Panzi ya Daktari Mukwege, aliyepewa zawadi ya Nobel mwaka 2018. Hatukatazi maombi. Tuombe tukiwa njiani.

Na masomo? Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure. Lakini asubuhi tunakuta mabinti ziwani na bidoni za maji, kaka zao wamekwisha kwenda na madaftari. Katika sekondari, feza ikipungua, ni binti anayebakizwa. Halafu siku ya kikao inaletwa karatasi, anaambiwa aweke kidole, naye hajui imeandikwa nini.

Maulizo kwa makundi:

1. Tamari alibaki katika nyumba ya Absalomu, ameachwa. Katika avenyu yenu, nani anakaa hivyo?

2. Binti gani wa kundi lenu hakurudi shuleni, na kaka yake alirudi?