Jinsi ya Kuisoma Picha ya Mistari: Mti wa Ibrahim El-Salahi



Wengi wetu tukionyeshwa mchoro wa mistari mitupu husema, "Hiki nini? Hata mtoto angechora." Tungoje kidogo kabla ya kusema hivyo.

Ibrahim El-Salahi alizaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930. Baba yake alikuwa na chuo cha Qur'ani, na humo ndimo alimojifunza hati za Kiarabu. Baadaye akasomea uchoraji London. Aliporudi mwaka 1957 akaonyesha picha zake Khartoum, lakini watu hawakuzijali. Akazunguka nchini kutazama wenzake wanapamba nini majumbani, akakuta maandishi na nakshi. Basi akaanza kutia herufi pembeni mwa picha, kisha akazivunja herufi zenyewe, na ndani yake yakazuka maumbo.

Katika michoro yake ya mti, kwanza taja unachokiona tu: mistari iliyosimama, mistari iliyolala, shina katikati. Usikimbilie maana.

Pili, uliza ni mti gani. Ni haraz, wa jamii ya migunga, uotao kando ya Nili. Mti huu una ajabu: hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua wakati wa kiangazi. Ndiyo maana wakulima hulima chini yake. Mvua inaponyesha hauzuii jua, na majani yake yanarutubisha udongo. Jua likiwaka na nchi ikikauka, wenyewe ndio wenye kivuli.

Sasa mistari ile imeanza kusema. Mimi naona mtu asiyefuata msimu wa wenzake, mwenye kustahimili dhiki. El-Salahi mwenyewe alifungwa mwaka 1975, miezi sita, bila kesi. Mwingine atakumbuka Surat Ibrahim, aya ya 24, juu ya mti mwema. Ni sawa, ila aseme "nimekumbuka", asimsingizie mchoraji kuwa ndivyo alivyokusudia.

Wazazi huuliza kuhusu hukumu ya picha. El-Salahi amechora pia sura za watu, na hizo si somo letu. Ama miti, Ibn Abbas aliiruhusu kwa mchoraji aliyemwendea, kama ilivyo katika Bukhari.

Zoezi: chagua mti mmoja wa mtaani kwenu. Mwulize babu au bibi tabia zake, kisha uuchore kwa mistari isiyozidi kumi. Mwenzako aueleze kabla hujamwambia jina lake.