Subai, Takwenya, Chamgei: maswali kuhusu salamu za anayeondoka na anayerudi

Mtu aliyekaa ng'ambo miaka mitatu akirudi Litein au Sotik, kwa Wakipsigis wa Kenya, kwa nini husemwa amebadilika hata kabla hajakaa chini?

Kwa sababu salamu ya Kipsigis humtaka kwanza aonyeshe anamjua aliye mbele yake. Habari huja baadaye. Mwanamume mzima husalimiwa Subai, naye huitika Epa. Mwanamke husalimiwa Takwenya, naye huitika Igo. Jirani Mmaasai, ng'ambo ya mpaka wa Bomet na Narok, anazo jozi hizo karibu neno kwa neno: sopa na ipa, takwenya na iko. Ukiwa na jozi mbili huwezi kufungua kinywa kabla hujamtazama mtu vizuri. Isitoshe, kila mwanamume ana ibinda lake, awe wa Maina, Chumo, Sawe au Kaplelach, na rika hilo ndilo linalomwambia nani wa kumheshimu kama baba na nani wa kutaniana naye kama ndugu. Anayerudi na "Sasa?" moja kwa wote, kuanzia mtoto wa jirani hadi mzee mwenye fimbo, ameiruka hesabu hiyo yote. Watu hawalalamikii ufupi wa neno, maana Subai nalo ni fupi. Kinachowauma ni kuona hawakutambuliwa.

Lakini Chamgei, salamu nyingine ya Kipsigis, nayo husemwa kwa kila mtu. Ina tofauti gani na "Sasa"?

Hoja hiyo ina uzito, kwani Chamgei huvuka umri na jinsia, na vijana wengi wa mjini Kericho hawatumii nyingine. Hata hivyo, litazame neno lilivyoundwa. Cham ni kupenda au kukubali, na kiambishi -ge hulirudisha tendo kwa watendaji wenyewe, kwa hiyo linawataja wawili kwa pamoja. Jibu lake nalo mara nyingi huzidi salamu: Chamgei mising, yaani sana. Hapo anayesalimiwa anarudisha zaidi ya alichopewa. Waislamu pia wamefundishwa kuitikia salamu kwa iliyo sawa nayo au iliyo bora zaidi, na mwanamke wa Bomet anayekwenda kufanya kazi Muscat, Omani, akisikia jibu la Asalamu aleikum likirefushwa kwa rehema na baraka, anakutana na jambo ambalo sikio lake limelizoea tangu utotoni. Hili ndilo ninalolishikilia: anayezijua salamu za kwao kwa undani huondoka na kipimo cha kuzisomea za wengine. Kuhusu kupeana mikono huko Omani, kanuni ni nyepesi: mwanamume husubiri mwanamke anyooshe mkono kwanza, na asiponyoosha, maneno yanatosha.

Na mashamba ya chai, yenye watu wa kila kabila, hayakuzifuta salamu hizi?

Hayakuzifuta. Yaliongeza nyingine kando yake. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza miaka ya 1920, na wachumaji wakatoka mbali na karibu: Wagusii na Bwakire yao ya asubuhi, Waluo na Oyawore, Waluhya na Mulembe, ambayo maana yake ni amani. Kambi moja haiwezi kuendeshwa kwa salamu nne ambazo kila moja inaeleweka kwa sehemu tu ya watu, na Kiswahili kikachukua nafasi hiyo. "Habari ya asubuhi" haimuulizi mtu rika lake wala ukoo wake, na kwa wageni waliolala chumba kwa chumba, kutoulizwa huko kulikuwa nafuu kubwa. Mchumaji yuleyule husema "Habari" kwenye mizani ya majani na Chamgei akifika nyumbani jioni, wala hachanganyikiwi. Wanaodai kwamba Kiswahili kinaua salamu za asili wangemsikiliza mtu huyu kuanzia alfajiri hadi usiku.

Akivuka kwenda Tanzania au Uingereza, kipimo hicho kinamfaa?

Tanzania kinamfaa sana. Shikamoo, inayoitikiwa Marahaba, hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na Mkenya wa bara anayemwambia mama mtu mzima wa Arusha "Mambo" huonekana amekosa adabu ingawa hakukusudia. Mwenye kuijua Subai hahitaji somo refu: aulize tu umri unahesabiwaje pale. Uingereza ndiko kwenye mtihani. Mtu hukuuliza kama uko sawa huku akiendelea kutembea, na jibu analolitarajia ni la neno moja au mawili. Mgeni aliyezoea kuulizwa nyumba, mifugo na watoto huona baridi na dharau, ilhali Mwingereza anaona amekuheshimu kwa kutokuchungulia maisha yako.

Salamu za umri na jinsia hazimkandamizi kijana na mwanamke?

Zinaweza, na nisingependa kulificha hilo. Mzee anayeitika salamu bila kuinua macho ameitumia heshima kama kiti cha kukalia watu. Mwanamke anayependelea Chamgei kuliko Takwenya apewe Chamgei. Hata hivyo sioni kama kuziondoa jozi hizo kungeondoa dharau, maana "Sasa" pia inaweza kusemwa kwa kumpuuza mtu. Subai na Takwenya zinadai kuitikiwa, na anayenyimwa jibu hujua papo hapo kwamba amenyimwa haki yake, na wanaosikia hujua pia.

Basi anayerudi aanzeje?

Asubiri. Wanariadha wanaporejea na medali, hupokewa Nairobi kwenye uwanja wa ndege kwa mursik, maziwa yaliyochachushwa, na anayeishika sotet, yaani kibuyu chake, ni mwenyeji. Mshindi huinamisha kichwa na kunywa. Nyumbani Bomet ni vivyo hivyo hata bila medali: aingie, mikono iwe mitupu, simu iwe mfukoni, amwache mkubwa wa boma amwite kwa jina lake, kisha aitike.