Tetemeko Likipita, Tumwulize Mwenzetu

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilitikisa Mkoa wa Kagera. Watu walikufa, na nyumba nyingi za Bukoba zilibomoka. Je, mwenzetu wa kazi akiwa huko, tufanye nini?

Tusipige simu mfululizo. Watu wote wakipiga pamoja, njia za simu hujaa. Ujumbe mfupi hupenya kwa urahisi zaidi. Tuandike hivi: "U mzima? Uko wapi? Usilale ndani ya nyumba yenye nyufa. Ardhi yaweza kutikisika tena."

Asipojibu, tusiweke matanga. Huenda simu yake imezimika. Tumwulize jirani yake.

Zoezi: Leo andika daftarini namba ya jirani wa kila mwenzako aliye mbali.