Mhudumu wa Afya wa Kitongoji: Afundishwe Nini, na kwa Njia Gani?

Tarehe 31 Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Shabaha yake ni kuwapata wahudumu 137,294 katika muda wa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, na mafunzo yao yamepangwa kuwa ya miezi sita. Hesabu hiyo ni kubwa, nasi twaifurahia. Lakini hesabu haimponyi mtoto mwenye homa. Yatupasa sote, wazazi, walimu na viongozi wa vijiji, kujiuliza mhudumu huyo atafundishwaje hata awe msaada wa kweli. Leo twapenda kulitafakari jambo hili kwa kuitazama Ulyankulu, katika Wilaya ya Kaliua, Mkoa wa Tabora.

Jambo lenyewe si geni katika pande hizi za magharibi. Adrian Atiman, mzaliwa wa karibu na Timbuktu, aliuzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe. Kardinali Lavigerie alimpeleka kisiwani Malta kusomea uganga, na mwaka 1888 akatumwa Afrika ya Mashariki. Alikaa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwatibu watu na kufundisha dini hata alipofariki mwaka 1956. Elimu yake ilitoka mbali, lakini nguvu ya kazi yake ilikuwa katika kukaa: alioa huko, akaishi na watu wale zaidi ya miaka sitini.

Liko na funzo la pili, nalo ni chungu. Katika miaka ya 1970 na 1980 vijiji vingi vya Tanzania vilikuwa na wahudumu wao wa afya, na mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliutia moyo ulimwengu wote ufuate njia hiyo. Lakini wengi wao waliiacha kazi. Kijiji hakikuwa na cha kuwalipa, sanduku la dawa likawa tupu, wala hakuna mkubwa aliyekuja kuwatazama. Basi atakayepanga mafunzo leo na apange pia yale yatakayofuata baada ya mafunzo.

Tuitazame sasa Ulyankulu. Mwaka 1972 watu waliokimbia mauaji ya Burundi walipewa makazi huko, katikati ya misitu ya miombo. Ardhi na maji havikuwatosha wote, hata wengi wakahamishiwa Mishamo mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2014 Serikali iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000 katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko husikika Kirundi, Kinyamwezi, Kisukuma na Kiswahili. Mafunzo yanayofaa mtaa wa Dar es Salaam hayafai kuletwa huko bila kubadilishwa.

Kwanza, uchaguzi. Mhudumu achaguliwe na mkutano wa hadhara wa kitongoji, wala asiwe ndugu wa kiongozi aliyekosa ajira. Awe mwenyeji, ajuaye lugha ya bibi kizee asiyejua Kiswahili, tena awe mtu wa kutunza siri. Katika wale wawili, ni vema mmoja awe mwanamke, kwa kuwa yako mambo ya uzazi ambayo mama hatamwambia mwanamume.

Pili, yafundishwe machache, nayo yafundishwe mpaka mikono iyazoee. Mhudumu ajue kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa, kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia: pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi miwili hata asiyetimiza mwaka, au 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka mmoja hata mitano, ni dalili ya kichomi. Ajue kuchanganya dawa ya maji na chumvi kwa mtoto anayeharisha, na kumweleza mama asiache kunyonyesha. Ajue kupima mkono wa mtoto kwa utepe: mtoto wa miezi sita hata miaka mitano ambaye mkono wake haufiki sentimita 11.5 ana utapiamlo wa hatari. Ajue kumzuru mama aliyejifungua siku ya kwanza, ya tatu na ya saba.

Hayo ni ya kila mahali. Lakini Ulyankulu pana na jambo la kwake. Warina asali na wapasua mbao huingia misituni penye mbung'o, na malale ya pande hizi huua upesi, pengine kwa miezi michache tu. Mtu wa msituni akiwa na homa na kuumwa kichwa, na kipimo cha malaria kisioneshe kitu, mhudumu asimwambie kwamba hana ugonjwa. Ampeleke mahali penye hadubini, damu yake itazamwe. Neno hilo moja, likifundishwa vema, laweza kumrudisha baba nyumbani kwake akiwa hai.

Tatu, afundishwe mpaka wa kazi yake. Mhudumu anayependa kuitwa daktari ni hatari kuliko asiyejua kitu, kwa sababu humzuia mgonjwa nyumbani. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyepoteza fahamu, asikawizwe hata saa moja. Kwa hiyo nusu ya mafunzo iwe zahanati na majumbani, chini ya jicho la muuguzi, maana kuhesabu pumzi hakujifunzwi ubaoni.

Nne, mafunzo yasiishe siku ya kupewa cheti. Muuguzi wa zahanati amzuru mhudumu kila mwezi, akague daftari lake, amwone akifanya kazi, amsahihishe kwa upole. Posho ijulikane tangu mwanzo, ni kiasi gani na yatoka wapi. Atakayesema kwamba kazi ya huruma haina malipo, na akumbuke kwamba watoto wa mhudumu nao hula.

Ninyi wazazi mnayo sehemu yenu. Mkutano wa kitongoji ukiitwa, nendeni; msiwaachie wachache kuwachagulia mtu atakayeingia nyumbani mwenu usiku mtoto akiugua. Ulizeni atafundishwa na nani, nani atamzuru, na vifaa vyake vikiisha vitatoka wapi. Maswali hayo matatu yakikosa jibu, kijiji kitabaki na mtu mwenye cheti na sanduku tupu, kama ilivyokuwa zamani.