Kudumisha Ari ya Wanachama katika Vyama vya Wanafunzi

Mwanachuo aendapo mazoezi ya kufundisha hukabidhiwa, pamoja na vipindi vyake, ulezi wa chama kimojawapo cha wanafunzi: cha kilimo, cha ngoma, cha skauti au cha ufugaji. Siku ya kwanza chumba hujaa. Wiki ya nne hubakia mwenyekiti, katibu na watoto wawili watatu wanaomwogopa mwalimu. Jambo hili lilitupata sisi wenyewe, na kwa muda mrefu tulidhani kwamba dawa yake ni kuwahimiza watoto kwa maneno. Tulikosea.

Tulikuwa walezi wa chama cha ufugaji katika shule moja ya msingi, chenye wanachama 42 na sungura 6. Tulisimamia uchaguzi wa viongozi, tukaandika kanuni, na kila Alhamisi tuliwakutanisha wote mbele ya banda. Watoto wanne walishika mafagio na ndoo; waliosalia walisimama wakitazama. Haukupita mwezi watazamaji wakatoweka. Tuliwaita watoro na kuwapa adhabu. Wakarudi siku moja, kisha wakaacha kabisa. Kusema kweli hawakutoroka kazi, maana hatukuwa tumewapa kazi yoyote ya kuitoroka.

Muhula uliofuata tuliwaita tena, tukawagawa katika makundi 6 ya watoto 7. Kila kundi lilipewa sungura wake, na kila mtoto siku yake katika juma. Sungura hula kila siku, Jumapili pia. Asipokuja mwenye zamu, mnyama hushinda njaa na wenzake sita hujua ni nani. (Hata hivyo mlezi hana budi kupita bandani kila jioni, kwani haifai kiumbe ateseke kwa ajili ya somo letu.) Siku moja kabla ya kengele ya asubuhi, mvua ikinyesha, tulimkuta mtoto wa darasa la tatu akitandaza majani chini ya paa la ghala. Muhula wa kwanza hatukulijua hata jina lake. Tulipomwuliza sababu ya kuwahi hivyo, alijibu: “Mwalimu, majani mabichi yakilowa huwaumiza matumbo, nayo zamu ni yangu.” Somo hilo la majani tulilifundisha mara moja tu.

Njia ya makundi madogo si ngeni. Mwaka 1907 Baden-Powell alipowapeleka wavulana wapatao 20 katika kambi ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, aliwagawa katika makundi manne, kila moja na kiongozi wake kijana. Skauti wameushika utaratibu huo tangu wakati huo. Wacheza ngoma nao wanalijua jambo hili: asipofika mpiga ngoma ndogo, mchezo hupwaya.

Kazi ya kwanza ya chama iwe yenye matunda ya karibu. Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 au 4. Mchungwa humngoja mtu miaka. Michungwa ipandwe, ila chama kichanga kisianze nayo.

Lililo gumu zaidi kwa mwalimu ni kuwaachia wanachama uamuzi. Mwalimu Nyerere alilisisitiza hilo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, akitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule yao. Sisi tulilisoma, tukalijibia mtihani, kisha tukauza sungura watano na kununulia chaki fedha zile bila kumwuliza mtoto yeyote. Wiki iliyofuata mahudhurio yalipungua, wala hakuna aliyetueleza sababu. Mauzo ya pili tuliyapeleka mkutanoni. Sisi tulitaka waya wa banda. Kura zikaamua mpira. Uamuzi ule hatukuupenda hata kidogo. Lakini upande wa banda ulipopasuka, watoto waliuziba wenyewe kwa fito siku ile ile, bila kuagizwa.

Basi, mwanachuo, kabla ya kuitisha mkutano wa kwanza, andika majina yote katika daftari, na mbele ya kila jina andika kazi moja ambayo wenzake wataikosa asipofika. Likibaki jina moja lisilo na kazi, ahirisha mkutano hadi utakapoipata.