Sungura Adaiye Chakula: Somo la Tumbo na Tabia

Katika ngano za Afrika Mashariki, sungura ni mjanja awashindaye ndovu na fisi. Lakini sungura wa ngano ni yule wa porini. Sungura afugwaye kibandani ni wa jamii nyingine, Oryctolagus cuniculus, ambaye asili yake ni Hispania na Ureno. Huyu naye ana ujanja wake: akiisha kuonja kitu kitamu, hujifunza upesi njia ya kukipata tena. Makala haya yanaeleza kwa nini ujanja huo huweza kumwua, na jinsi ya kuurekebisha.

Tuchukue mfano wa shule ya sekondari mkoani Shinyanga yenye kibanda cha sungura. Mwanafunzi apitapo, sungura hukwangua waya, huuma mlango na kupindua bakuli. Mwanafunzi humwonea huruma, akampa kipande cha mchembe. Kesho yake sungura hukwangua kwa nguvu zaidi, na nyasi alizowekewa haziguswi.

Tumbo la sungura

Chakula cha asili cha sungura ni nyasi. Meno yake hukua maisha yake yote, na hupunguzwa kwa kutafuna nyasi ngumu. Mahali utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana pana mfuko mkubwa uitwao sekamu. Humo bakteria huchachusha mabaki ya chakula na kutengeneza protini na vitamini. Mazao hayo hutoka kama vidonge laini, na sungura huvila tena moja kwa moja. Jambo hilo si uchafu wala ugonjwa. Ni sehemu ya usagaji wa chakula chake.

Michembe ina wanga na sukari nyingi, lakini nyuzinyuzi chache kuliko nyasi. Wanga ukizidi, sehemu yake hufika katika sekamu, na bakteria wabaya huweza kuongezeka na kutoa sumu. Sungura huharisha au hujaa gesi, na kwa kuwa hawezi kutapika, hana njia ya kujiokoa. Kwa hiyo hamu yake si kipimo cha mahitaji yake. Porini vitu vitamu ni haba, na kuvikimbilia hakumdhuru. Kibandani mkono wa binadamu hauna uhaba huo.

Nani anamfundisha nani?

Mwaka 1898 Edward Thorndike wa Marekani alieleza majaribio ya paka waliofungiwa katika visanduku. Tendo lililomletea paka mafanikio lilirudiwa upesi zaidi kila mara. Baadaye, mwaka 1957, Ferster na Skinner walichapisha matokeo ya majaribio mengi juu ya tuzo. Walionyesha kwamba tendo linalotuzwa mara kwa mara tu, wala si kila mara, ni gumu zaidi kukomeshwa.

Hapo ndipo penye kosa la kibanda chetu. Wanafunzi tisa wakimnyima sungura na wa kumi akampa, hawajamfundisha kunyamaza, wamemfundisha kuvumilia. Naye sungura amewafundisha wao kuleta michembe.

Njia ya kufuata

Kwanza, nyasi kavu na maji safi visikosekane usiku na mchana. Wasukuma wana desturi ya ngitili, yaani malisho yanayohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Shule nayo yaweza kukata nyasi wakati wa mvua, kuzikausha na kuziweka akiba. Pili, majani mabichi, kama yale ya viazi vitamu, yatolewe kwa kiasi, alfajiri na jioni, nyakati ambazo sungura huchangamka. Tatu, asipewe chochote akiwa anakwangua. Mtunzaji asubiri atulie, ndipo ampe jani. Nne, wote wafuate kanuni moja. Siku za mwanzo fujo huweza kuzidi. Atakayelegea wakati huo atakuwa ametuza fujo kubwa kuliko ya awali.

Mabadiliko ya chakula yafanywe polepole, kwa muda wa wiki mbili hivi. Sungura asishindishwe njaa kwa kuadhibiwa, kwani utumbo wake ukikosa chakula husimama. Kabla ya kumwita mdeka, chunguza: je, maji yamekwisha? Na yule aliyezoea kudai, akinyamaza ghafla na kukaa nusu siku bila kula, huyo ni mgonjwa. Apelekwe upesi kwa daktari wa mifugo.

Katika machimbo ya Geita pana hadhari nyingine. Nyasi zisikatwe karibu na mahali pa kuchenjulia dhahabu au penye marundo ya marudio, kwa sababu zebaki na sianidi zitumikazo katika kazi hiyo huweza kuchafua udongo na maji.

Zoezi

Kwa siku 14, wanafunzi wahesabu ni mara ngapi sungura anakwangua waya katika dakika 10 za jioni, huku kanuni ikifuatwa. Wachore grafu ya siku na idadi, kisha wajibu: (a) Je, idadi ilipanda kabla ya kushuka? (b) Kama siku moja ilipanda ghafla, nani alivunja kanuni siku iliyotangulia? (c) Kwa nini nyasi ziliachwa kibandani muda wote wa jaribio?